Sikio Moja

Mwezi wa nane huku Lesotho
upepo hauvumi, unagombana.
Umelibandua bati la zizi la kina Tankiso,
unalichapa ukutani, pa! pa!
na Sefako, mwenye miaka mitatu na tumbo la nyasi kavu,
anapaa kwa miguu yote minne.

Sefako: kwa Kisotho ni mvua ya mawe.
Nilimwita hivyo kwa madoa meupe ya mgongoni,
na kwa kuwa hushuka bila kubisha hodi.

Wiki ya kwanza aliniangusha mara tano.
Mara ya tano sababu ni mfuko wa plastiki
ulionasa kwenye mshubiri, wa bluu, wa sukari.
Haukumfanya kitu. Ulivuta pumzi tu.

Nami nilikuwa nikivuta.
Hatamu fupi, shingo yake upinde,
nikimfokea, nitazame mimi, nitazame mimi,
na kila nilipovuta
dunia ilizidi kumpanukia machoni:
punda wa unga, mbwa wa Mokhele,
kengele ya shule, kondoo wakipiga kelele
kwenye banda la kukatia manyoya,
mpaka mimi, niliyekuwa juu yake,
nikawa kitu kidogo kuliko vyote.

Farasi niliyekuwa naye kabla yake
hakushtushwa na radi wala ndege ya misheni.
Watu walinisifu: umemfunza, dada, umemfunza.
Alikuwa kiziwi.

Basi nikaanza upya, chini, kwa miguu yangu.
Sikumwambia mbwa hayupo.
Mbwa yupo, na meno yake yapo.
Nilimwomba hatua moja ya kurudi nyuma.
Moja tu. Akaitoa, nikalegeza kamba.
Kulegea ndio ujira wake.
Kisha kushoto. Kisha tuzunguke jiwe lile.
Mbwa akabweka; tukazunguka jiwe.
Akabweka tena; hesabu yetu ikawa ya mawe, si ya mbwa.

Tankiso nilimlipa maandazi mawili kwa siku
atikise mfuko kwenye fimbo, hatua hamsini mbali,
kesho arobaini, keshokutwa tuone.
Siku moja upepo ulimpokonya, mfuko ukamkimbiza yeye,
akapiga mayowe akipita mbele yetu,
na Sefako akamtazama
kama mtu mzima anavyomtazama mlevi.

Hatukupona siku ile. Jioni aliogopa kivuli cha ndoo.

Lakini mwezi wa tisa haungoji.
Mipichi imetoa maua, zahanati imenipa mkoba:
vichupa vya damu vya watu kumi na wanane wa ng'ambo ya mlima,
kila kimoja kimevalishwa soksi ya mtoto,
kila kimoja na jina.
Muuguzi Puseletso akafunga kamba mara mbili,
akanitazama mimi, si farasi.

Kileleni, pale peke yake penye mtandao,
simu ikatetemeka kifuani.
Tangu Pasaka kaka yangu hajapiga kutoka migodini.
Nikaitoa. Ilikuwa kampuni ya simu, inauza vifurushi.
Nilipoinua macho hatukuwa tunakwenda.
Sefako amesimama katikati ya njia,
korongo kulia, upepo kushoto,
hakutimka, hakula majani,
anangoja nirudi.
Sijui nilikuwa nimeondoka kwa muda gani.

Tukashuka. Kwenye kona ya duka, bati lingine,
maana kila kijiji kina bati lake,
likapiga ukuta, pa!
Ngozi yake yote ikasisimka chini ya mapaja yangu,
kama maji yanapotupiwa kokoto.
Vichupa vikagongana ndani ya soksi, taratibu.
Sikio la kushoto likaenda kwa bati.
La kulia likageuka nyuma, kwangu, likabaki.

Lile la kushoto sikulidai.
Nikalegeza kamba.